IST: taa ya betri inawaka kwa mbali usiku, usukani unakuwa mzito. Ni betri au altaneta?

Mwalimu wa Kilosa

Wakuu, habari za jioni. Wakubwa shikamooni.

Nina Toyota IST ya 2004, injini ya 1NZ, niliinunua mkononi kwa mtu Dodoma. Upande wa umeme haikuwahi kunisumbua mpaka masika haya. Naomba mnisaidie kabla sijatoa hela, kwa sababu mafundi wawili hapa Kilosa wamenipa majibu mawili. Mmoja anasema betri imekufa, ninunue nyingine. Wa pili ameisikiliza gari kidogo, akafunga boneti, akasema altaneta hiyo, ile mashine inayochaji betri injini ikizunguka, lete laki mbili na nusu. Nikimuuliza amejuaje ananijibu, "Mwalimu, hizi ndizo kazi zetu."

Dalili ni hizi. Mchana kwenye dashibodi sioni kitu. Usiku, nikiwa barabara ya Dumila, ile taa nyekundu ya betri inawaka kwa mbali sana, mpaka uitafute. Nikikanyaga mafuta inafifia, nikipunguza mwendo kwenye tuta inaongezeka. Taa kubwa nazo zinafuata mguu wangu: nikikanyaga zinang'aa, nikiachia zinasinzia. Redio ina mlio mwembamba, ziiii, unaopanda na kushuka pamoja na injini, hata nikipiga muziki wa kwenye flashi. Juzi mvua ilinikuta Rudewa. Nikawasha wipa, taa na feni ya kufuta ukungu kwenye kioo, usukani ukawa mzito ghafla na taa ya usukani, iliyoandikwa P/S, ikawaka. Nikazima feni, usukani ukarudi.

Asubuhi stata inakokota. Siku nyingine inagoma kabisa.

Kuna jambo jingine, ingawa sidhani kama linahusika. Mwanzoni mwa masika mwanangu alicheza ndani ya gari akaacha taa ya ndani inawaka, betri ikaisha. Kijana mmoja akaja kunibusti kwa betri ya gari yake, akachanganya waya, cheche zikaruka na kaharufu kidogo. Akageuza haraka, gari ikawaka vizuri tu. Betri ni NS40, haijamaliza mwaka.

Je, niendelee kuendesha hivihivi? Ninunue nini? Nawasilisha.

Noah Nyeusi

Mkuu, hilo halihitaji hata fundi. Washa gari, ing'oe terminali ya hasi ikiwa inaunguruma. Ikizima, altaneta imekufa. Ikiendelea kuunguruma, altaneta nzima, kanunue betri. Mimi napima hivyo tangu naendesha Corolla DX na sijawahi kupigwa hela na fundi.

Bisibisi wa Gerezani

Mwalimu, marahaba. Kabla sijasema lolote: huo waya wa hasi usiuguse gari ikiwa inawaka.

Noah Nyeusi, sikugombezi, kipimo hicho nakijua na niliowakuta kwenye kazi walikitumia. Kwenye Land Rover ya dainamo kilikuwa sawa, hakuna cha kuungua mle ndani zaidi ya balbu. Gari ya leo ni jingine. Altaneta inaposukuma umeme, betri ndiyo inayomeza kile kilichozidi. Ukiing'oa ghafla, umeme ule hauna pa kwenda, volti zinaruka 40 na kupita kabla regyuleta, kile kidhibiti cha volti za altaneta, haijawahi kuzuia. IST ina kompyuta ya injini, ina kompyuta ya usukani. Nimeletewa gari ambayo ilikwenda kwa fundi na kaboni zimekwisha tu, ikarudi na kompyuta imekufa, kwa sababu ya kipimo hichohicho. Halafu kinadanganya: altaneta yenye dayodi mbovu inaweza kuendesha injini vizuri kabisa bila betri, wewe ukaenda kununua betri ya bure.

Sasa turudi kwa mwalimu. Ulisema jambo la kijana kuchanganya waya halihusiki. Mimi nililisoma mara mbili, maana dalili zote ulizotaja juu yake nimezisikia sana, ila hiyo ndiyo inayonionyesha mwanzo wake.

Ndani ya altaneta mna sumaku inayozunguka, inapewa umeme kidogo kupitia kaboni mbili. Koili zilizoizunguka zinatoa umeme wa kwenda na kurudi, na betri haiwezi kuula umeme wa namna hiyo. Kwa hiyo kuna dayodi, kwa kawaida sita, kazi yake kuunyoosha uende upande mmoja. Dayodi ni mlango wa upande mmoja. Ukibusti kwa kugeuza waya, umefungua njia iliyonyooka kutoka betri ya yule mwenye gari kupita kwenye dayodi zako zote. Zinapasuka au zinakatika, moja au zaidi. Mara nyingi fyuzi kubwa iliyoandikwa ALT inakatika kwanza na kuziokoa, na hapo gari haichaji kabisa na taa inawaka wazi. Yako inaelekea haikukatika, kwa sababu bado inachaji kidogo. Ndiyo maana nakwambia usikubali maneno ya "betri imekufa" wala "altaneta imekufa". Tupime.

Tafuta mita ya kupimia umeme. Lakini siyo ile ndogo ya njano ya bei ya chini kuliko zote, kwa sababu nitakupa kipimo ambacho yenyewe haikiwezi. Shuleni kwenu mna maabara ya fizikia? Azima kule.

Kipimo cha kwanza. Asubuhi, kabla hujafungua hata mlango wa dereva ukawasha taa ya ndani, fungua boneti (iache imefunguliwa tangu usiku), pima betri juu ya vichwa vyake vyenyewe, siyo kwenye kibano cha waya. Iliyojaa husoma 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Chini ya 12 imekwisha.

Cha pili. Mtu apige stata wewe ukiangalia mita. Ikishuka chini ya 9.6 na betri ilikuwa imejaa, betri nayo ina kesi ya kujibu. Kama haikuwa imejaa, kipimo hiki usikihesabu.

Cha tatu. Gari ikiwaka, bila kukanyaga mafuta na kila kitu kimezimwa, inatakiwa kati ya 13.5 na 14.5. Washa taa kubwa, feni na redio, soma tena. Kisha mtu akanyage mafuta mpaka mzunguko wa 2,000 hivi, soma tena. Ikipita 15 wakati wowote, simama hapohapo, regyuleta imeachia na itachemsha betri.

Cha nne, ndicho ninachokihitaji hasa. Geuza mita kwenye V yenye alama ya wimbi, ya umeme wa kwenda na kurudi, gari ikiwaka na taa zimewashwa, pima palepale kwenye betri. Altaneta nzima huonyesha sehemu ndogo ya volti. Ikianza kufika nusu volti na kwenda juu, dayodi imeondoka. Mita ya njano ukiiweka hapo inaweza kukuletea 28 au sifuri kutegemea umeshika waya upande gani, usije ukadhani gari yako ni ya TANESCO.

Na kabla ya vyote, jioni ukishazima gari na injini ikapoa kabisa, saa tatu nne baadaye, iguse altaneta kwa mkono. Nataka kujua kama ina joto.

Noah Nyeusi

Haya fundi, nimekusikia. Lakini hebu niulize, usukani unahusiana nini na altaneta? Noah yangu hata betri ikifa usukani uko vilevile.

Bisibisi wa Gerezani

Noah yako ya zamani ina pampu ya mafuta ya usukani inayozungushwa na mkanda. IST, Vitz, Passo na nyingi za ukubwa huo zina mota ya umeme kwenye usukani. Mota ile inapokata kona mkiwa mmesimama inakula umeme mwingi kwa mkupuo, na kompyuta yake ikiona volti zimeshuka inaizima kabla ya vitu vingine. Kwa hiyo mwenye IST akiniambia usukani unakuwa mzito mvua ikinyesha, mimi siendi kwenye tairodi, vile vyuma vya usukani. Naenda kwenye chaji.

Mpangilio wa dalili unasaidia pia. Vinavyokula umeme mwingi ndivyo vinavyolia mapema: usukani, feni, vioo vya umeme kupanda kwa kusuasua, taa kubwa. Redio kujizima na mshale wa mwendo kucheza huja baadaye, na taa za ABS (ya breki) na injini zikiwaka kwa pamoja ujue hapo umebakiza safari fupi sana. Watu wengi hufika kwangu wakiwa wamenunua kwanza kifaa cha ABS.

Mtu wa Changamwe

Assalaam aleikum. Mimi niko Mombasa, si fundi, lakini naendesha Probox ya mzigo na nimepitia hili. Msisahau waya wa athi. Yangu ilionyesha dalili karibu zote za mwalimu, isipokuwa ule mlio wa redio. Makanika akataka tubadilishe altaneta. Akaja mzee mmoja wa mtaani, akaweka mita, mguu mmoja kwenye mwili wa altaneta yenyewe na mwingine kwenye kichwa cha hasi cha betri, gari ikiwaka na taa zote. Ikasoma zaidi ya volti moja. Kumbe ule waya mweusi unaotoka betri kwenda kwenye injini umeliwa na kutu chini ya raba, kwa nje unaonekana mzima. Huku pwani chumvi haina huruma. Waya mpya, boliti ikasuguliwa kwa msasa, gari ikarudi 14.

Pia angalieni mkanda. Ukiwa mlegevu unapiga kelele asubuhi na unapopita kwenye maji, na chaji inashuka ukiwasha vitu vingi.

Bisibisi wa Gerezani

Wa aleikum salaam. Huyo mzee wa mtaani mpe salamu zangu. Kipimo hicho kwa upande wa hasi kisizidi 0.2. Upande wa chanya, kutoka ile boliti nene nyuma ya altaneta mpaka kichwa cha chanya, kikipita 0.3 waya au kibano kina tatizo. Mwalimu, ongeza hivyo viwili kwenye orodha yako.

Na mkanda ni kweli, tena kwa 1NZ una uzito wa pekee. Mkanda uleule unaozungusha altaneta ndio unaozungusha pampu ya maji. Kwa hiyo taa ya betri ikiwaka wazi, nyekundu kabisa, ghafla ukiwa njiani, usiseme nitajivuta mpaka mjini. Simama, fungua boneti. Mkanda ukiwa haupo, injini itachemka muda si mrefu na hapo tutakuwa tunazungumzia gasketi, si altaneta. Mkanda ukiwepo na unazunguka, ndipo upige hesabu ya kuendelea.

Mama Fit

Fundi, samahani kuingilia uzi wa mwalimu. Nina Honda Fit. Nilinunua kile kidude cha kuchomeka kwenye kiberiti kinachoonyesha volti. Nikiwa kwenye foleni Ubungo mchana kinaonyesha 12.5, wakati mwingine 12.4, roho yangu haitulii. Lakini gari inawaka vizuri kila asubuhi na hakuna taa yoyote kwenye dashibodi. Nayo inakufa?

Bisibisi wa Gerezani

Dada, kichomoe hicho kidude ulale usingizi. Honda nyingi zina kifaa kinachohesabu umeme unaotumika, na ukiwa mdogo kompyuta inaiamuru altaneta ipumzike ili injini isibebe mzigo, ibane mafuta. Ndiyo hiyo 12.4 au 12.5 unayoiona. Washa taa kubwa na AC uangalie: inatakiwa iruke mpaka 14 na kitu. Ikiruka, iko salama. Ikibaki 12.5 na taa zimewashwa, hapo uje.

Mazda na gari nyingi mpya nazo zina tabia ya kupandisha na kushusha. Ndiyo maana sipendi mtu asome namba moja tu halafu atoe hukumu.

Mwalimu wa Kilosa

Fundi, nimerudi. Mwenzangu wa fizikia amenipa mita nzuri na amekuja nayo mwenyewe, amefurahia kuliko mimi mwenye gari.

Jioni nilizima gari saa kumi na mbili. Saa nne usiku injini yote ilikuwa imepoa, altaneta ina uvuguvugu. Siyo moto, ila mkono unaujua.

Asubuhi betri: 11.8. Stata ikakokota, ikashuka mpaka 8.9, ikawaka kwa shida.

Ikiwaka bila kitu: 13.1. Na taa, feni na redio: 12.5. Nikikanyagiwa mafuta: 13.2, haikupanda zaidi.

Kwenye alama ya wimbi: 0.9.

Upande wa hasi 0.05, upande wa chanya 0.1. Mkanda hauna nyufa, nimeubonyeza katikati unakubali kidogo tu.

Na jambo moja limenishangaza. Nilipowasha swichi bila kupiga stata, taa ya betri iliwaka vizuri kama kawaida. Inatakiwa hivyo?

Bisibisi wa Gerezani

Inatakiwa hivyo, na ni kipimo ambacho wengi husahau kuniuliza. Swichi ikifunguliwa taa ya betri lazima iwake, injini ikiwaka lazima izime. Gari ambayo taa hiyo haiwaki kabisa swichi ikiwa wazi, ama balbu imeungua, ama waya umekatika, ama muuzaji ameing'oa ili usijue anachokuuzia. Wanunuzi wa gari za mkononi wasikilize hapo. Yako nzima.

Mwalimu, namba zako zimejieleza. 0.9 kwenye wimbi, 13.1 inayoanguka mpaka 12.5 ukiipa mzigo, na uvuguvugu saa nne baada ya kuzima. Dayodi. Moja walau imekufa, ndiyo maana altaneta inatoa pungufu na redio inalia: ule mlio ni umeme usionyooka unaoingia kwenye spika. Na uvuguvugu ni betri yako inavuja kurudi kwenye altaneta usiku kucha. Ndiyo maana asubuhi 11.8. Taa inayowaka kwa mbali nayo ni hiyohiyo, upande mmoja wa taa una volti kidogo kuliko mwingine, kwa hiyo inapata umeme wa kuwaka nusu. Mchana jua linaificha.

Betri usiinunue sasa. Ile 8.9 haina maana kwa sababu ilianza ikiwa karibu tupu. Lakini usiiache hivyo pia, betri ikikaa imeisha inaharibika kweli. Usiku wa leo legeza waya wa hasi uutoe (gari imezimwa, tafadhali). Redio itasahau stesheni na saa itarudi sifuri, si kitu. Ukitaka uhakika, peleka betri kwa mtu mwenye chaja, ijae polepole, uirudishe nyumbani bila kuifunga, uipime kesho yake. Ikibaki 12.5 na kitu, betri yako ni nzima na fundi wako wa kwanza alikuwa anakuuzia.

Fundi wa pili alipatia kwa kubahatisha. Ila laki mbili na nusu ya nini, hakusema. Altaneta yako haihitaji kutupwa. Ile sahani ya dayodi inauzwa peke yake, kwa altaneta za Denso zinazofungwa kwenye 1NZ inapatikana. Kazi yenyewe ni kuunganisha upya ncha za koili, anayejua humaliza kabla ya mchana. Akishafungua mwambie akuonyeshe kaboni: mpya hutokeza kama milimita 10, zikikaribia 1.5 zibadilishwe palepale, maana bei yake ni ndogo na kufungua tena ni kazi. Beringi azungushe kwa mkono, ikikwaruza itolewe. Regyuleta yako iacheni, haina kosa.

Mwalimu wa Kilosa

Asante sana mzee wangu. Hapa Kilosa sina imani na wa kubadilisha dayodi. Nikienda Morogoro na gari hivihivi nitafika?

Bisibisi wa Gerezani

Mchana, utafika. Tupige hesabu ya ubaya wake: hata altaneta ikifa yote ukiwa njiani, injini ya namna hiyo kwa kuwaka tu, pampu ya mafuta, nozeli, koili za plagi, inakula ampea 10 hivi, feni ya rejeta ikiingia inaongeza nyingine kama hizo. Betri ya NS40 iliyojaa ina kama ampea-saa 35 kwenye karatasi, lakini gari itaanza kukosa moto kabla hazijaisha. Huna saa mbili. Una kama saa moja, na Kilosa hadi Morogoro kwa Dumila ni zaidi ya kilomita 100. Usiku ukiwasha taa kubwa, balbu mbili za wati 55, umeongeza ampea 9, usithubutu.

Kwa kuwa yako bado inachaji kidogo, na betri ikiwa imejazwa, utafika ukiwa umezima AC, feni na redio, na ukiingia mjini usizime injini mpaka uwe mlangoni kwa fundi.

Lakini ningekuwa wewe nisingeendesha. Altaneta ni boliti mbili, soketi moja na waya mmoja nene. Fundi wako yeyote wa Kilosa anaweza kuitoa. Itie kwenye kiroba, panda SGR hapo Kilosa ile treni ya kawaida, shuka Morogoro, itengenezwe, rudi nayo. Ina kilo chache tu.

Noah Nyeusi

Hahaha, altaneta kwenye SGR. Mwalimu mkatie tiketi yake.

Fundi, swali la mwisho. Akikosa hiyo sahani ya dayodi akaja huko Gerezani, Dar, kununua altaneta ya mtumba kutoka Japani, atajuaje kama hauziwi iliyokufa?

Bisibisi wa Gerezani

Aje na ya zamani mkononi, asije na jina la gari tu. "Nipe ya IST" ndiyo inayowaponza watu, kuna IST za 1.3 na za 1.5 na kuna zilizobadilishiwa injini. Ahesabu mifereji ya puli, aangalie soketi ina pini ngapi na umbo lake, aweke masikio ya boliti ya hii juu ya ile aone yanalingana, asome kibao ni ampea ngapi. Isiwe chini ya ile ya kwanza. Azungushe puli kwa mkono: isikwaruze, isitikisike kwenda mbele na nyuma. Anuse nyuma yake. Koili iliyoungua ina harufu ya vanishi iliyochomwa, ukishaijua hutaisahau. Ikiwa imejaa matope mekundu ndani, hiyo ilishaogelea, aiache.

Halafu asilipe mpaka ifungwe kwenye mashine ya kupimia. Maduka mengi yanayo au jirani yake anayo, inazungushwa kwa mota na inapewa mzigo wa balbu. Aje na mita ya mwenzake wa fizikia apime wimbi palepale dukani. Muuzaji atakunja uso, amwache akunje. "Mpya" za boksi zisizo na jina bora aogope zaidi kuliko mtumba wa Denso, hizo nazirudisha sana.

Mwalimu, yule atakayekufungia muda ukifika: waya wa hasi wa betri utoke kwanza kabla spana haijagusa nyuma ya altaneta. Ile boliti nene ina umeme wa betri muda wote hata ufunguo ukiwa mfukoni, spana ikigusa bodi na boliti kwa pamoja dayodi mpya imekwenda kabla haijafanya kazi. Ile kofia ya raba ya boliti irudishwe, mafundi huzitupa. Na mkanda mwambie aukaze, uendeshe siku chache, kisha aukaze tena, hasa kama ni mpya.

Mwalimu wa Kilosa

Nimeandika yote kwenye daftari. Betri iko kwa mwenye chaja tangu mchana, mzee. Jumamosi naenda Morogoro, na mwenzangu wa fizikia amesema anakuja na mita yake, hataki kuniachia.